Koku, Kipira Kile Nilikufunga Mimi

Mdogo wangu Koku,

Tangu tulipokuzika nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo, nikiwa njiani kwenda kazini, nikimenya ndizi, hata nikiwa nimeinama juu ya kinywa cha mgonjwa. Leo nakuandikia kwa kalamu, na barua hii sitaifunga. Naiacha wazi waisome wote waliokujua, kwa sababu habari ya meno yako waliipata kinyume, na mimi niliyeijua ilivyokuwa nilinyamaza.

Naanza na mwanya wako. Ulikuwa mwanya wa bibi, mama yake Tata, baba yetu, na katika ukoo mzima ulikuangukia wewe peke yako. Wageni walipofika kwetu Kishanda, Mama aliwatolea kahawa ya kutafuna, wakakaa kidogo, na kabla hawajamaliza kuulizana habari za kwao mmoja lazima angekubembeleza, "Koku, waitu, hebu cheka tukuone." Nawe ulicheka. Hukuwa na maringo. Ulicheka kwa sababu umeombwa, na kwa sababu kucheka hakukuwa kazi kwako.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sinia. Meno yangu yalibanana. Chonge la kulia lilikosa nafasi likapanda juu ya mwenzake, nikifungua mdomo linatokeza kabla ya mengine. Hakuna mgeni aliyewahi kuniomba nicheke. Wewe uliliona hilo ukiwa bado mdogo kabisa. Msimu wa senene ulikuwa unakaa karibu nami tukiwanyonyoa mabawa na miguu, unachomeka mguu wa senene katikati ya mwanya wako, unanigeukia ukiwa umekaza uso kama mwalimu mkuu, mpaka nishindwe kujizuia. Ulitaka nami nicheke. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nahesabu ni watu wangapi wamekusifu wiki ile.

Sikuwahi kukuambia hivyo. Nilijiambia ni mambo ya utoto, kwamba nitakua na yataisha.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi ya usaidizi katika kliniki ya meno pale Bukoba, nikapanga chumba Kibeta. Unakumbuka ulivyofurahi. Uliwaambia kwaya nzima kwamba dada yako sasa ni daktari, na mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vifaa, kukoroga plasta ya kuchukulia umbo la meno, na kumshikia mgonjwa taa. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, anayependa kueleza anachofanya hata kama aliye mbele yake hajauliza. Alikuwa na wagonjwa wachache wa kupangwa meno. Aliwagandishia vidude vya chuma, kimoja kimoja juu ya kila jino, akapitisha waya mwembamba, na mahali penye nafasi akavuta kwa vipira vidogo vya duara. "Jino halisukumwi kama gari lililokwama," aliniambia siku moja. "Linabembelezwa. Ukilivuta polepole, mfupa unalainika upande mmoja unaliachia njia, na upande wa pili unajijenga upya. Ukilivuta kwa pupa unaua mzizi."

Nilisikia nusu. Nilisikia kwamba kipira kinavuta jino. Sikusikia kwamba vile vidude vilivyogandishwa ndivyo vinavyokizuia kipira kisitoke mahali pake. Ilikuwa kazi yangu kuvihesabu vile vipira na kuvirudisha kwenye kopo lake, na Ijumaa moja nilivihesabu nikabakiza vichache mfukoni mwa koti langu jeupe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata wewe hukulijua.

Mwaka ule kwaya yenu ilikuwa inajiandaa kuja Bukoba kurekodi, na wimbo wa tatu uliuanzisha wewe, peke yako, beti mbili nzima kabla wenzako hawajaingia. Nilikuja nyumbani Jumamosi. Ulikuwa umerudi kutoka kufundisha darasa lako la chekechea, vidole vimejaa chaki. Nikakuambia kwamba nimekutana na mwalimu wa kwaya mjini, na kwamba ana wasiwasi na mwanya wako. Nikasema anadai ukitamka neno lenye "s" upepo unapita, kanisani hausikiki lakini mashine ya kurekodia itaunasa. Nikasema ameona haya kukuambia mwenyewe.

Koku, sikukutana na mwalimu wa kwaya. Hakuna aliyelalamika. Maneno yale niliyatunga nikiwa ndani ya gari nikitoka Bukoba, na nilipokuwa nakuambia niliona uso wako unavyobadilika, nikaendelea.

Uliniuliza kama kuna dawa. Nikakuambia ipo, na ni rahisi. Ulikaa kwenye kigoda pale jikoni, ukainua uso, ukafungua mdomo. Nikakivisha kipira kwenye meno yako mawili ya mbele, nikakizungusha mara mbili ili kibane. Uliuliza kama inaruhusiwa kufanyia nyumbani. Nikasema mimi nafanya kila siku. Ukasema, "Haya, wewe ndiye unayejua meno."

Wiki ya kwanza mwanya ulipungua nusu. Wiki ya pili ulikuwa umebaki kama ufa wa kupitisha karatasi. Ulikuwa unajitazama kwenye kioo cha Mama huku umekunja uso, hujui kama unaupenda mdomo huo mpya, na Mama akauliza mbona sura yako imekuwa ngeni. Mimi nilijisikia fundi. Nilikubadilishia kipira kila Jumamosi. Jumamosi ya nne nikakuta hakipo. Ulisema labda umekimeza pamoja na ndizi, au kimedondoka ulipokuwa unapiga mswaki. Meno yalikuwa yamegusana. Sikuosha mikono, sikuwasha tochi, sikuinua mdomo wako kutazama ufizi. Nilisema vizuri, basi kazi imekwisha.

Kipira hakikuwa kimedondoka. Leo naweza kumweleza mwanafunzi kilikokwenda nikiwa nimefumba macho. Jino la mbele lina umbo la karoti: pana kwenye sehemu inayoonekana, linazidi kuwa jembamba kadiri linavyozama kwenye taya. Kipira kikivishwa bila kitu cha kukizuia hakitulii. Kinatafuta wembamba. Kinatambaa, kinaingia chini ya ufizi, kinapanda na mzizi, na popote kinapopita kinakata kile kinachoshikilia jino kwenye mfupa. Kwa nje huoni kitu. Anayevaa anadhani kimepotea.

Mwezi uliofuata ukanipigia simu kwamba ufizi umevimba na mswaki unatoka na damu. Nikakuambia usukutue maji ya chumvi. Ukapiga tena kwamba meno yanaonekana yamerefuka. Nikakuambia chumvi tena, labda unapiga mswaki kwa nguvu. Mara ya tatu hukulalamika. Ulisema tu kwamba mazoezini umeshindwa kushika sauti ya juu kwa sababu ukitoa pumzi unahisi meno yanacheza. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuogopa, na kwa sababu ya woga huo sikukuita mapema. Nilitaka liishe lenyewe.

Ulikuja mwenyewe bila kuniaga, na basi la asubuhi. Nilikuona mapokezini umefunika mdomo kwa upande wa kitenge. Daktari akaliona jina la baba yetu kwenye kadi, akaniuliza kama ni ndugu yangu, nikasema ni mdogo wangu. Akakupiga picha ya eksirei. Picha ilipotoka akaisogeza kwenye mwanga, na hata mimi niliyekuwa sijasoma nikaona kwamba kuzunguka mizizi yako miwili, mahali panapotakiwa kuwa na mfupa, kulikuwa na weusi mtupu. Akakuchoma ganzi, akainua ufizi taratibu kwa kifaa chake, na huko juu kabisa, karibu na ncha za mizizi, akakamata kitu kwa kibanio na kukivuta nje. Akakiweka juu ya pamba.

Alikitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Mpira huu ni wa hapa kwetu. Nani alikufunga?"

Nilikuwa nimesimama upande wako wa kushoto, nimeshika mrija wa kunyonya mate. Mrija ukagonga jino lako. Wewe ulikuwa umelala, mdomo wa juu umekufa ganzi, macho yako yakanitazama mara moja tu, kisha yakarudi kwa Daktari.

"Nilijifunga mwenyewe," ulisema, maneno yakitoka yamelegea. "Nilikiokota hapa siku niliyokuja kumsalimia dada."

Daktari akanigeukia. "Wewe ulijua?"

Nikasema sikujua.

Neno moja tu, Koku. Nimelirudia kichwani mwangu miaka yote hii, na kila mara natafuta mahali ambapo ningeweza kuligeuza. Daktari aliuliza kwa upole, hakuwa amekasirika. Ningesema, angeniadhibu, pengine angenifukuza, na kesho yake ningekuwa Kishanda nalima. Hakuna jambo zaidi ya hilo ambalo lingenipata.

Alijaribu kuyaokoa. Alisafisha, akayafunga na meno ya jirani kwa waya, akakupa dawa, akakuambia urudi baada ya wiki mbili. Uliporudi yalikuwa yanabembea. Akayang'oa yote mawili kwa vidole, hakuhitaji hata koleo.

Tulikaa kwenye benchi la nje, pamba imejaa mdomoni mwako. Nikaanza kulia, nikakuuliza kwa nini ulisema vile. Ukatoa pamba ili uniambie vizuri. "Meno yameshakwenda, dada. Wewe ukifukuzwa yatarudi?" Kisha ukairudisha pamba, ukanishika mkono kama kwamba mimi ndiye niliyetoka kwenye kiti cha Daktari.

Nyumbani ukarudia hadithi ileile. Mama alikaa chini. Hakupiga kelele. Alisema, "Uzuri Mungu aliokupa umeung'oa kwa mikono yako mwenyewe. Sijawahi kuona ujinga wa namna hii." Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, kisu kinakwenda, nasikia kila neno. Tangu siku hiyo hakuliacha neno hilo. Mgeni akiuliza meno ya Koku yamepatwa na nini, Mama alijibu kwamba Koku ni mjinga, alitaka kuwa kama wa kwenye picha. Kanisani alieleza hivyo. Kwenye harusi za watu alieleza hivyo. Hakusema kwa chuki. Alikuwa anaumia, na kila alipoumia alikutaja wewe. Ulikuwa unainamisha kichwa na kuendelea na ulichokuwa unafanya. Mara moja nilikuona unatabasamu huku umefumba mdomo, kama kwamba anayezungumziwa ni mtu mwingine.

Kwaya ilikwenda kurekodi bila wewe. Wimbo wa tatu aliuanzisha mwingine. Daktari alikutengenezea meno mawili ya bandia kwenye kipande cha plastiki cha kuvaa na kuvua, lakini siku zile kilikuwa kinene, kinafunika paa lote la kinywa, na ulisema ukiimba nacho unajisikia unaimba ukiwa umejaza chakula mdomoni. Uliacha kwaya. Halafu watoto wa chekechea wakakuona siku kimekudondoka, wakaenda kuwasimulia wazazi wao. Uliacha na chekechea.

Ukaenda kisiwa cha Goziba. Ulisema unakwenda kufungua mgahawa, huko wavuvi ni wa kuja na kuondoka, hakuna anayejua ulikuwaje zamani. Mama alisema unakimbia. Mimi nilijua ulikuwa unakimbia nini, na nilikusaidia kufunga mizigo.

Nami nikaenda chuo. Daktari mwenyewe aliniandikia barua ya kunisifu, akasema mimi ni mwaminifu. Nilisoma nikawa tabibu wa meno, na palepale chuoni madaktari waliokuwa wakijifunza ubingwa wa kupanga meno walikuwa wanatafuta watu wa kuwafanyia mazoezi. Nikajitolea. Wakaning'oa jino moja la pembeni kupata nafasi, wakanivisha waya kwa karibu miaka miwili, wakalishusha lile chonge taratibu mpaka likakaa kwenye mstari na wenzake. Mwezi kwa mwezi waliniambia wasiwasi wao ni kuvuta haraka. Nililala kwenye kile kiti nikitazama taa na kukuwaza wewe kwenye kigoda cha jikoni. Siku walipovitoa vile vidude wakanipa kioo. Nilikuwa na meno mazuri, Koku. Nililia, na wao wakadhani ni furaha.

Nilipohitimu nilikuja kukuona Goziba. Nilikuwa nimekutengenezea meno mapya, mepesi, yenye vishikizo vidogo vya waya badala ya lile dude zito. Nilishuka kwenye boti nimelowa miguu, nikaulizia mgahawa wa Koku, hakuna aliyekufahamu kwa jina hilo. Walikuita Mwalimu. Nyuma ya jiko lako ulikuwa umeweka ubao, asubuhi kabla ya wavuvi kurudi ulikuwa unawafundisha watoto wa kambi kuandika majina yao. Uliniona, ukaweka mwiko chini, ukaja mbio. Halafu ukasimama, ukanishika kidevu, ukanigeuza kushoto na kulia. "Cheka," uliniambia. Nikacheka. Ukasema, "Dada, sasa wewe ndiye mzuri." Ulisema kwa furaha ya kweli. Hapakuwa na mwiba ndani yake, na ndiyo sababu neno hilo lilinichoma.

Mchana tulikula sangara na ugali, nikakujaribisha meno mapya, nikakaza vishikizo kidogo kwa koleo nililobeba kwenye mkoba. Yalikaa vizuri. Ulisema "sabuni, samaki, Jumamosi," ukawa unasikiliza. Kisha, huku ukijitazama kwenye kioo, uliniuliza bila kunigeukia, "Hivi mwalimu wa kwaya alikuambia maneno gani hasa siku ile?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na wewe ndiye uliyeufungua. Tulikuwa wawili. Hakukuwa na Daktari, hakukuwa na kazi ya kupoteza, wala Mama. Sijui kama ulikuwa umeshakutana na mwalimu wa kwaya, au uliuliza tu kwa sababu siku zote jambo hilo lilikukaa moyoni. Nikasema, "Alisema upepo unapita. Nami nilitaka tu sauti yako isikike vizuri."

Ukakiweka kioo chini. Ukasema, "Basi. Ndivyo nilivyojua." Ukaenda kumtazama mteja.

Sikuwahi kupata nafasi nyingine. Figo zako zilipoanza kukukataa ulificha mpaka miguu ikavimba, na walipokuleta hospitali ulikuwa huwezi kuzungumza kwa muda mrefu. Nilikaa kando ya kitanda siku sita. Nilikulainisha midomo kwa pamba yenye maji. Nilikuwa nasema kesho nitamwambia, akipata nafuu kidogo. Siku ya saba hukuamka.

Wakati wa kukuandaa Mama aliniita. Alikuwa ameshika kikombe chenye yale meno, akaniuliza uzikwe nayo au bila. Mimi ndiye mwenye utaalamu, alisema, niamue. Nikayaosha, nikakuvisha mwenyewe. Mara nyingine tena nikaingiza kitu kinywani mwako bila kukuambia ukweli. Tukakuzika kwenye kibanja chetu cha migomba, pembeni ya Tata. Msemaji wa familia alieleza maisha yako, kuzaliwa, shule, kwaya, Goziba, na meno hakuyataja, lakini nyuma yangu niliwasikia wanawake wawili wakielezana kwa sauti ya chini kwamba ni yule aliyejing'oa meno kwa urembo.

Sasa nafanya kazi Bukoba, kwenye kliniki nyingine. Kila mwezi anakuja daktari bingwa kutoka Mwanza kupanga watu meno, na mimi ndiye ninayewaangalia wagonjwa wake katikati ya mwezi. Mambo yamebadilika, ungeshangaa. Plasta ninaikoroga mara chache. Tunapitisha kinywani kikamera kidogo kama mswaki, na meno yanatokea kwenye kompyuta, unayageuza unavyotaka. Gundi inakauka kwa taa ya bluu kwa muda mfupi tu. Kuna waya ambao ukiupinda unarudi wenyewe kwenye umbo lake, na huo ndio unaolibembeleza jino usiku na mchana bila kuliumiza. Na mwanya ukishafungwa, anayetaka kuufunga, tunagandisha waya mwembamba nyuma ya meno ili usirudi. Kila anayekuja kuomba kuziba mwanya namuuliza kwanza nani kamwambia una kasoro. Wengine wanakasirika.

Mwezi uliopita mama mmoja alimleta binti yake wa sekondari. Ufizi umevimba, meno mawili ya mbele yamerefuka. Sikusubiri eksirei. Nilimuuliza binti kipira alikitoa wapi, akashtuka, akasema aliona kwenye simu watu wakijifunga, naye akakinunua na wenzake. Kilikuwa hakijafika mbali. Nilikipata kwa ndoano ndogo chini kidogo ya ufizi, nikakitoa kizima, nikayafunga meno na jirani zake. Yatasimama. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akaniuliza nimejuaje upesi hivyo.

Nikasema nilisomea.

Nilikwenda chooni nikajifungia. Umekufa, umezikwa, hakuna anayenitisha, na bado nimekukana tena mbele ya mtu nisiyemjua. Jumapili ile nilipanda gari nikaja Kishanda.

Mama alikuwa anaanua kahawa. Nilimsaidia mpaka tukamaliza, kisha nikamwambia yote, kuanzia maneno niliyoyatunga kwenye gari. Nilimwambia kuhusu wageni na kucheka kwako. Nilimwambia ulichomjibu Daktari, na nilichomjibu mimi. Sikulia, nilijikataza. Alisikiliza huku akiokota punje mojamoja zilizobaki kwenye mkeka.

Nilidhani atanilaani. Nilidhani ataniambia niondoke. Alimaliza kuokota punje, halafu akasema, "Nilimwita mjinga mpaka siku anakufa. Elieth, hilo nani ataniondolea?"

Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye dhambi na wewe ndiye uliyeumia, na wote wengine wapo tu. Sikuwahi kufikiri kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikimwacha Mama amtukane mwanawe asiye na kosa, kila siku, mbele za watu, kwa kinywa chake mwenyewe, na kwamba wewe ulimvumilia kwa ajili yangu. Alikuomba radhi lini? Angekuombaje, na hakujua?

Akaniambia niandike. Alisema yeye aliwaambia watu wengi mno, miguu yake haiwezi tena kuwazungukia, kwa hiyo barua itazunguka badala yake. Amenitajia nyumba kwa nyumba. Baadhi ya wenye nyumba wameshakufa, lakini bado amewataja.

Sikuombi msamaha, Koku. Ulikwisha kunisamehe pale kwenye benchi, ila ulisamehe kosa dogo ulilolijua. Hili kubwa hukulipata ukiwa hai, na siwezi kuchukua jibu lako la zamani nikalifunika nalo. Nakuambia tu ilivyokuwa: mwanya wako haukuwa na kasoro. Sauti yako haikuwa na upepo. Mimi nilikuonea wivu, na wewe ukanilinda.

Mama amevaa kiatu, ameshika fimbo, anasema nyumba ya kwanza atakwenda mwenyewe.

Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi, dada yako.